Chumba cha Sita

Watu wa Bungu walimjua Maulida kwa cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na foronya, na mteja aliyeahidiwa Ijumaa alipata nguo yake Ijumaa. Waliojua habari yake ya pili walikuwa wachache sana. Jioni, akishaifunika cherehani kwa kanga, alijifungia chumbani akaongea na maelfu ya watu asiowaona, habari za gemu za simu. Mumewe Abbasi, fundi wa mashine za boti aliyeshinda wiki nzima Mbwera, kwenye delta ya Rufiji, alijua. Mama yake, Bi Habiba, aliyekaa naye nyumba moja, alijua nusu. Alidhani binti yake anafundisha watu kushona.

Chaneli yake aliiita Maliza Kwanza, na sheria yake ilikuwa hiyo hiyo: hasemi neno juu ya gemu mpaka aimalize. Uso hakuuonyesha. Watazamaji waliona mikono miwili na simu, wakasikia sauti.

Gemu mbaya hazikumchosha. Alizizoea, na nyingine alizipenda kwa ubaya wao. Kilichomchosha ni maneno. Ikitoka gemu mpya ya hapa nchini, wanaoandika habari za gemu waliandika yale yale: picha zinavutia, hadithi inagusa moyo, vijana wetu wanaweza. Mara kadhaa alilinganisha akakuta wamenakili maelezo ya kampuni yenyewe, hata nukta haikuhama. Kisha huja msimu wa tuzo. Majaji huwasoma waandishi hao, waandishi nao huwanukuu majaji, na mtu aliyekaa na gemu yenyewe mkononi huwezi kumpata katikati yao. Maulida alilisema hilo mara nyingi kwa upole, na wachache waliomsikiliza walikubaliana naye, basi ikaishia hapo.

Ndipo ikaja Kisima cha Zuhura. Ilikuwa gemu ya kutisha, ya binti anayeshuka kisimani kumtafuta mdogo wake, na kisima kilikuwa na vyumba saba. Maulida aliipenda. Chumba cha pili kilimtisha hata akalala na taa. Lakini alipofika cha sita alikwama. Maji yanapanda, Zuhura anakusanya funguo zote, anafika mlangoni, mlango unatikisika, halafu hakuna kitu. Maji yanamfunika anaanza upya. Maulida alijaribu kwa simu yake na kwa simu ya Abbasi, mwishowe akaazima kompyuta kwa mwalimu wa sekondari. Alidhani yeye ndiye hajui. Alijisikia mjinga kwa siku nyingi, maana kila aliyeandika juu ya gemu ile alikuwa anausifia mwisho wake.

Usiku wa tuzo aliangalia kwenye simu. Jaji mmoja, mama mwenye sauti nzuri, alisimama katikati ya moshi wa mapambo akasema Kisima cha Zuhura kilimliza. Pale Zuhura anapomkuta mdogo wake chini kabisa na kumkumbatia, alisema, aliweka simu pembeni akalia kama mtoto. Ukumbi ukapiga makofi. Gemu ikapewa tuzo ya gemu bora ya mwaka.

Kesho yake Maulida alirekodi video fupi kuliko zote alizowahi kufanya. Alionyesha chumba cha sita, maji yakipanda na mlango ukitikisika, mara nyingi, kwa simu tofauti. Kisha akauliza bila hasira: "Nyie mliolia, mlilia wapi? Mie sikupaona. Nionyesheni huu mlango ulipofunguka."

Hakuna aliyemwonyesha. Lakini video ilisambaa mpaka kwa watu wasiocheza gemu kabisa. Majaji walinyamaza, kampuni nayo ikanyamaza. Aliyejibu alikuwa kijana wa Dar es Salaam aliyejiita Doto Kamanda, mwenye wafuasi wengi, ambaye kazi yake ilikuwa kucheza gemu mubashara huku akipiga kelele. Doto alisema huyo dada ametumwa. Alisema kuna watu hawapendi kuona Mtanzania anapanda jukwaani, na kwamba anayeficha uso ana kitu anaficha. Akawaambia wafuasi wake wamtafute.

Mwanzoni yalikuwa matusi, na matusi Maulida aliyajua. Halafu wakaacha kutukana wakaanza kusikiliza. Mmoja aliandika kwamba anavyovuta maneno, huyo ni mtu wa Rufiji. Mwingine akasema siyo Rufiji ya juu, ni Kibiti. Wa tatu akasema nyuma ya sauti yake kuna malori yanayopunguza mwendo kwenye matuta, kwa hiyo yuko kando ya barabara kuu ya kusini. Kisha mtu akakata kipande cha video ya zamani kilichokuwa na adhana kwa mbali. Muadhini alikuwa na kikohozi, anakatika katikati, anameza, anaendelea. Chini yake abiria mmoja wa mabasi ya Lindi aliandika: huyo namjua, nimesali msikiti huo basi letu liliposimama tununue korosho. Ni Bungu.

Maulida aliyasoma hayo akiwa amekaa kwenye cherehani, kola ya sare imebana chini ya sindano. Muda mfupi baadaye ukaingia ujumbe kwenye chaneli kutoka kwa mtu asiyemjua: Tunakuja kukubishia hodi.

Mahali pengine huenda maneno hayo yangekuwa ya kitoto. Maulida alikuwa msichana miaka ile ambayo watu wa pande zile hawapendi kuitaja, pikipiki zilipokatazwa kutembea jioni na watu walipofunga milango kabla ya magharibi. Mjomba wake Miraji alikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji. Aliitwa nje kwa jina lake kamili, na kwa kuwa aliyeita alikuwa na adabu, mjomba alidhani ni mtu mwenye shida ya barua ya utambulisho. Akafungua, na hakurudi ndani akiwa hai. Tangu hapo Maulida hakuweza kusikia mtu akiitwa kwa jina mlangoni bila kwenda kukagua komeo. Hata wateja wake aliwazoesha kupitia uani.

Aliizima chaneli, akampigia Abbasi. Abbasi hakuuliza mengi. Alimwambia aje Mbwera, wakae kwa shangazi yake Mwamvua mpaka upepo upite, na amlete mama.

Bi Habiba alikataa. Ilibidi Maulida amweleze sasa kazi yake halisi, na mama alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele.

"Miaka ile nililala kwenye shamba la mihogo mie na mbuzi wangu," alisema. "Umri ule nilikuwa nao. Sasa silali tena porini kwa ajili ya watu wa simu. Nenda wewe. Mie sifungui mlango kwa mtu, hilo najua."

Maulida alimwomba dereva wa bodaboda aitwaye Tamimu, jirani yao, awe anapita kumtazama. Kisha akapanda gari la Nyamisati, na kutoka pale akapanda boti.

Nyumba ya Mwamvua ilikuwa ukingoni mwa mashamba ya mpunga, nyuma yake mikoko. Maji yakijaa, mtumbwi ulifika karibu na jiko. Yakipwa, kaa walibaki wakitembea juu ya tope. Simu haikushika ndani ya nyumba wala shambani. Ilishika gatini tu, pale boti zinaposhusha abiria, na Maulida aliliona hilo kuwa neema. Siku za kwanza alimsaidia Mwamvua kufukuza ndege mpungani na alilala vizuri. Mwamvua alikuwa mjane mchangamfu asiyeuliza maswali, ila jioni moja alitaka kuona hiyo gemu. Maulida alimpa simu. Mwamvua aliingia chumba cha kwanza, akaona kivuli cha mkono ukutani, akairudisha simu haraka akasema anayefanya kitu cha namna hiyo amefanya kazi yake, na anayecheza kwa hiari yake anatafuta maradhi.

Lakini usingizi ulianza kukatika. Maulida alihesabu boti. Kila mashine iliyosikika kutoka upande wa Nyamisati ilimtoa nje akaangalia nani anashuka. Abbasi alimwona, akamwambia kwa sauti ya chini, akifuta oili mikononi, kwamba baada ya hapa aiache chaneli. Kazi ya kushona ipo na inatosha. Maulida alimjibu kwamba hakufanya kosa lolote, aliuliza swali. Abbasi alisema anajua, na kwamba hata mjomba Miraji hakufanya kosa. 

Siku ya Alhamisi Abbasi aliondoka mapema kwenda mkono wa mbali wa mto, ambako boti ya wanunuzi wa kaa ilikuwa imekufa mashine. Maulida alishuka gatini kumpigia mama yake. Kabla hajapiga, simu ya Tamimu ikaingia. Tamimu alisema kuna mwanamume amefika stendi asubuhi, amevaa kofia, yuko peke yake. Anamuulizia dada wa gemu. Watu wa stendi hawakumjua dada wa gemu, lakini alipotaja cherehani na mume fundi wa boti, mambo ambayo Maulida aliwahi kuyagusia kwenye video, mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi akamwambia huyo ni Maulida na amekwenda Mbwera.

"Amepanda gari la Nyamisati zamani," Tamimu alisema. "Nimekupigia tangu muda ule, simu haikupatikana."

Maulida aliangalia maji. Yalikuwa yanajaa, kwa hiyo boti ingefika mpaka gatini bila kusubiri. Alifikiri kukimbilia kwenye mikoko, akafikiri kumfuata Abbasi, lakini mtumbwi wa Mwamvua haukuwepo. Akarudi mbio nyumbani. Mwamvua alimsikiliza, akafunga mlango wa mbele kwa komeo, akachukua panga la kufyekea akakaa nalo uani, mapajani, kama mtu anayemenya viazi.

Boti ililia kwa mbali, ikakaribia, ikazima. Muda ukapita. Kisha zikaja hatua kwenye njia ya tope, hatua za mtu asiyejua kutembea pale, zinateleza, zinasimama. Maulida alikuwa amejibana nyuma ya pipa la maji. 

"Hodi hapa," sauti ikasema. "Namtafuta dada Maulida."

Mwamvua hakujibu karibu. Aliuliza ni nani na anatoka wapi.

"Naitwa Feisal," mtu yule akasema. "Ni mimi niliyejenga chumba cha sita."

Maulida alitoka. Hakujua mwenyewe kwa nini, ila maneno yale hakuna mwingine aliyeweza kuyasema hivyo. Alimkuta kijana mwembamba wa miwani, viatu mkononi, suruali imeloa tope mpaka magotini. Kofia ilikuwa ya kujikinga jua tu. Mwamvua hakuliweka panga chini, lakini alimwonyesha kijana mkeka.

Maulida alimuuliza jambo moja tu kwanza. Nyuma ya mlango ule kuna nini?

"Hamna kitu, dada. Chumba cha saba hakipo."

Akaeleza kwa haraka, kama mtu aliyelibeba neno kutoka mbali. Siku ya mwisho ya kupeleka gemu kwenye tuzo ilifika wakiwa wamejenga vyumba sita. Bosi wao alisema majaji huwa hawavuki chumba cha pili, wanaangalia picha wanasoma maelezo, basi mlango wa sita ufungwe na ya mbele yatamaliziwa baadaye. Habari ya Zuhura kumkumbatia mdogo wake Feisal aliiandika mwenyewe, mistari michache, iwaongoze wachoraji watakapochora. Mistari ile ikachomekwa kwenye maelezo ya majaji.

"Wakalia," Feisal alisema. "Nilikuwa ukumbini, nikawaona wanapiga makofi kwa mistari yangu. Niliogopa. Niliogopa zaidi ulipouliza, maana ofisini wanadhani nimekwambia mimi."

Maulida alikaa chini. Kwa siku zile zote alikuwa amejiona mjinga, na sasa ilitoka kwenye kinywa cha fundi mwenyewe kwamba hakuwa mjinga. Alidhani angefurahi. Badala yake alihisi hasira na uchovu, na akataka kuuliza mengine kumi, lakini Feisal alimkatiza. Hakuja kwa hilo. Alikuwa amemwandikia siku mbili kumwonya, akaona chaneli imefungwa na ujumbe haufiki. Doto na wenzake wawili wameondoka Dar leo baada ya adhuhuri. Wametangaza kwamba watarusha mubashara mbele ya mlango wake. Mtu mmoja wa Bungu amewatajia nyumba yake na jina lake kamili.

"Mama yuko kule," Maulida alisema.

Walikimbia gatini. Jua lilikuwa limeinama juu ya mikoko. Feisal aliifungua simu yake, ikazunguka, ikazunguka, kisha picha ikaja, na Maulida akauona mlango wa nyumbani kwao.

Kuuona mlango wako mwenyewe kwenye simu ya mtu mwingine, ukiwa mbali na huwezi kuufikia, ni kitu ambacho baadaye alishindwa kumweleza hata Abbasi. Aliiona rangi ya kijani aliyoipaka mwenyewe, ndoo ya mama, ndala za mama zikiwa kizingitini. Doto alikuwa anacheka na kamera. Watazamaji walikuwa wanaongezeka na maneno yao yalipanda kwenye kioo kama siafu. Doto akageuka, akagonga mlango kwa kiganja, akaita kwa sauti kubwa jina lake kamili, jina lake na la baba yake na la babu yake, mara ya kwanza, mara ya pili.

Bi Habiba hakufungua. Lakini majirani walikuwa wamesikia.

Watu wa mtaa ule hawakujua gemu wala tuzo wala mubashara. Walichojua ni kwamba magharibi inakaribia, na vijana watatu wageni wamesimama kwenye nyumba ya mama mzee wanaita mtu atoke. Kupitia simu Maulida alisikia ukunga, yowe la hatari, wa mwanamke wa kwanza. Ukafuata wa pili. Taa za nyumba ya jirani zikazimwa. Doto alikuwa bado anacheka, akamuuliza mwenzake hizo ni kelele za nini. Halafu kicheko kikaisha. Wanaume walitokea kwenye vichochoro, wawili, watano, wengi, na mapanga na magongo, na hakuna aliyekuwa anaongea. Maulida alizijua nyuso zile. Sadala muuza mbao alikuwemo, mtu mpole ambaye Maulida aliwahi kumshonea suruali. Uso wa Sadala ulikuwa umejaa hofu, na ndiyo hofu ile iliyomtisha Maulida kuliko panga lake.

Picha ikaanguka. Ukabaki mchanga na miguu, na sauti ya kitu kinachopiga nyama, na kijana analia akimwita mama yake.

"Watawaua," Feisal alisema.

Maulida alikuwa anapiga simu tayari. Namba ya Tamimu iliita ikakatika. Akapiga tena, akisogea mpaka ukingo wa mwisho wa gati, maji chini ya miguu. Mara ya tatu Tamimu alipokea, anahema, naye alikuwa pale pale. Maulida alimwambia aweke sauti kubwa, ainyanyue simu juu, awaambie watu wamsikilize.

Alichosema hakukipanga. Alisema yeye ni Maulida binti Habiba, na Sadala aliweke chini hilo panga, na Mzee Abdulrazaq, jirani yao, gongo lake pia. Alisema wale vijana anawajua, ni wageni wake, aliwaalika mwenyewe, na wamekosea namna ya kupiga hodi kwa kuwa ni watoto wa mjini. Akawaomba wasiwapige. Akarudia kwamba ni wageni wake. Sauti ambayo watu waliichambua majuma mazima ili wajue inatoka wapi, sasa ilikuwa inatoka kwenye simu ya bodaboda juu ya vichwa vya majirani, na ilikuwa inasema uongo.

Ngurumo ya watu ikapungua. Mtu mmoja aliuliza kwa hasira mgeni gani anayeita jina la mtu namna ile. Kisha Maulida akasikia mlango wao unafunguliwa, na mama yake akisema waingizwe ndani, kijana anatoka damu.

Abbasi alipofika na boti aliwakuta wote wawili wamekaa gatini. Feisal alikuwa ametapika.

Doto alilazwa hospitali ya Mchukwi, mkono umevunjika na kichwa kimeshonwa. Wenzake wawili walitoka na michubuko. Jumamosi Maulida alikwenda kumtazama, ingawa Abbasi alisema hana wajibu huo, na kweli hakuwa nao. Alikwenda kwa sababu alikuwa anaogopa, na aliona ataendelea kuogopa zaidi asipomwona mtu mwenyewe.

Aliyemkuta alikuwa kijana mdogo kuliko alivyodhani, ndevu hazijatoka vizuri. Mama yake, Maimuna, alikuwa amekaa pembeni na chupa ya uji, na alimshukuru Maulida kwa mikono miwili bila kujua hasa kilichotokea. Alidhani mwanawe alishambuliwa akimtembelea fundi wa nguo. Doto alikuwa anaangalia ukuta. Mama alipotoka kusuuza kikombe ndipo akaongea.

"Ulifika kweli mpaka chumba cha sita?"

Maulida alisema alifika.

"Mie chumba cha pili kinanitisha," Doto alisema. "Huwa naishia pale, halafu napiga kelele, watu wanafurahi."

Hakuomba radhi. Maulida alimwekea machungwa kabatini akaondoka. Njiani kurudi aligundua kwamba hasira yake haikupata mahali pa kutua. Alikuwa amewindwa kwa ajili ya gemu ambayo, nje ya yeye na walioitengeneza, huenda hakuna aliyeicheza.

Majaji hawakusema neno. Kampuni ilitoa toleo jipya la gemu, na safari hii mlango wa sita ulifunguka, ukaingiza mchezaji kwenye giza lenye maandishi ya kumshukuru kwa kucheza. Waandishi wakasifu ujasiri wa kumwachia mchezaji ajaze mwenyewe. Feisal hakuwepo tena. Alimwandikia Maulida kwamba ameacha kazi na yuko kwa kaka yake Mkuranga, na kwamba anaweza kuyasema hadharani yale aliyomwambia, ila jina lake alitumie kwa uangalifu. Maulida alimjibu asubiri, wayaseme wakiwa wametulia wote wawili.

Mtaani mambo hayakuwa mepesi. Wanawake wawili waliacha kumletea nguo. Hawakumchukia, ila kelele za siku ile zilikuwa zimewarudishia kitu ambacho walichukua miaka kukisahau, na watoto wao walikuwa wameanza tena kukojoa kitandani. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao, akamtaka Maulida aeleze ni kazi gani hiyo inayoleta watu kuita majina milangoni.

Alisimama mbele yao. Alisema anacheza mchezo mpaka mwisho, halafu anawaambia watu alichokiona, kama mtu anavyoonja mchuzi kabla wageni hawajapakuliwa. Mama mmoja akauliza wale wanaogawa tuzo, wao huonja saa ngapi? Maulida alisema hajui. Watu wengine walicheka. Sadala hakucheka. Alisimama akasema alikuwa amebakiza kidogo tu kuua mtoto wa mtu, kwa mikono yake hii, na kwamba kama Maulida ataendelea na kazi hiyo basi awaambie mapema kila kitu, wajue nani anakuja na kwa nini. Maulida alikubali. Halikuwa jambo kubwa, lakini ndilo pekee aliloombwa.

Abbasi hakumwambia tena aache. Alihamisha kitanda chao kwenye chumba cha uani, na akaanza kurudi Bungu katikati ya wiki.

Mwezi uliofuata, chaneli ikiwa imewashwa tena, binti mmoja wa Kilwa, mwanafunzi, alimtumia gemu aliyoitengeneza peke yake, ya mvuvi wa pweza na jini wa mwambani. Hakuna aliyekuwa ameandika habari yake popote. Maulida aliicheza jioni nne, madirisha yamefungwa. Kila pikipiki ilipopunguza mwendo barabarani aliisimamisha gemu akasikiliza mpaka ipite. Alifika mwisho, na mwisho ulikuwepo. Lakini gemu yenyewe haikuwa nzuri. Jini alitokea mapema mno, hatishi, na katikati kulikuwa na sehemu ndefu ya kutembea bure.

Ingekuwa rahisi kusema picha zinavutia. Binti angefurahi, na hakuna mtu ambaye angekuja kutoka popote. Aliwafikiria ndugu wa binti, marafiki zake, watu wa Kilwa wasiomjua. Akanywa maji. Akamwambia mama yake, aliyekuwa sebuleni, kwamba anaanza kurekodi, na mama akaitikia kwamba komeo lipo.

Kisha akabonyeza, akasalimia, akasema ameimaliza, na kwamba angeanza na yale ambayo hayakumpendeza.